Fikirini na Chenene wa Mkokoni

Fikirini Chilumba alizaliwa Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, katika ukoo ambao tangu babu na babu ulikuwa na ugomvi na majani. Mkulima wa mpunga na mihogo wa huko huamka na jembe asubuhi kwa sababu moja tu: majani yameota tena. Kwa hiyo aliporudi nyumbani kwa sikukuu ya Idi, mwaka ule uliofuata uhuru, akasema amepata kazi Mtwara na kazi yenyewe ni kutunza majani yasife, baba yake akauliza ni ng'ombe wa nani wanaoyala. Fikirini akasema hakuna ng'ombe. Mzee akauliza kama ni ya kuezekea. Fikirini akasema hapana, yanakatwa mafupi kama nywele za askari, halafu watu wazima wanapita juu yake wakifukuza kijipira kwa fimbo. Mzee akamgeukia mkewe, mkewe akatazama chungu. Tangu siku hiyo majirani walipouliza habari za kijana, mama yake aliwaambia anafanya kazi bandarini.

Uwanja huo wa gofu ulikuwa nje kidogo ya mji wa Mtwara, mahali palipoitwa Mkokoni, kati ya barabara ya vumbi na hori ya maji ya chumvi iliyoingia ndani ya mikoko. Waliouanzisha ni Wazungu wa mradi wa karanga. Karanga zilishindwa, reli ya karanga ikang'olewa, Wazungu wengi wakaenda zao, uwanja ukabaki. Wanachama wa klabu walikuwa mabwana wa bandarini, Wahindi wenye maduka, madaktari wachache, na baada ya uhuru maofisa wa serikali, ambao mwanzoni walikuja kuutazama tu kama mali iliyoachwa na maadui, kisha mmoja mmoja wakanunua fimbo.

Katibu wa klabu alikuwa Bwana Waziri, karani mstaafu wa forodha, mtu wa Mikindani kutoka katika zile nyumba za mawe. Hakuwahi kupiga mpira hata mara moja. Alikuja kila alasiri akiwa na kanzu, koti na mwavuli, akaketi barazani kuhakikisha kwamba wengine wanacheza inavyopasa.

Fikirini alianza kwa kufyeka, akapewa mashine ya kukatia, mwisho akawa mkuu wa uwanja. Klabu ikampa nyumba ya vyumba viwili kando ya stoo, akamleta mkewe Mwasiti kutoka Mahurunga pamoja na bata wake. Kazi aliipenda kuliko alivyotaka watu wajue. Hasa alizipenda grini, yaani yale maduara tisa yenye shimo na bendera katikati, ambapo ukoka ulipaswa kuwa laini kama zulia la msikitini. Jioni, wachezaji wakiondoka, alivua viatu akakanyaga grini moja baada ya nyingine kwa nyayo tupu. Akiulizwa, alisema anakagua.

Kilichomsumbua ni chenene. Chenene ni mdudu mwenye sura ya panzi aliyekosea njia akawa fuko: ana miguu ya mbele kama jembe, anaishi chini ya ardhi, anachimba vijia na kukata mizizi akipita. Mvua za kwanza zikishanyesha, grini iliyokuwa zulia ilivimba mistari, ukoka ukakauka juu yake, na mpira uliokuwa ukielekea shimoni ukageuka kushoto kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Wachezaji walimwangalia Fikirini. Yeye aliangalia chini.

Dawa ya chenene ilikuwamo stoo, ndani ya mapipa, urithi wa Wazungu. Nyingine ilikuwa ya maji, ya kupulizia kwa bomba la mgongoni, na nyingine ya unga, iliyochanganywa na pumba na molasi ikawa chambo. Fikirini alionyeshwa na mtangulizi wake namna ya kuikoroga kwa mti, na kwamba ukipata kizunguzungu unapumzika kivulini. Hakuna aliyemwonyesha zaidi ya hapo. Alipulizia mara ya kwanza, asubuhi akakuta chenene wamelala chali juu ya majani, wengi kuliko alivyodhani wamo duniani. Wachezaji walimpa mkono. Daktari mmoja wa meno akamwita Bwana Dawa, na jina likashika. Mwaka uliofuata walirudi wengi zaidi, naye akaongeza dawa. Mwaka wa tatu akaongeza tena. Haikumpitikia kwamba hesabu hiyo inaelekea upande mbaya, wala haikumpitikia mtu mwingine yeyote pale barazani, kwa kuwa katikati ya mvua na mvua grini zilikuwa kijani na watu walikuwa wakipeana hongera.

Palikuwa na mambo mengine, lakini yalikuja moja moja. Kwarara waliokuwa wakitembea uwanjani asubuhi wakidonoa kwa midomo yao mirefu walipungua, kisha hawakuonekana. Yangeyange wawili, wale ndege weupe, walikutwa wamekufa karibu na bendera ya saba. Fikirini akawazika, akadhani ni uzee. Mikono yake ilianza kutetemeka siku za kupulizia, hata kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili kama anayepokea zawadi. Mwasiti alimwambia apumzike. Alijibu kwamba anapumzika kivulini.

Tena Fikirini alikuwa mtu msafi. Hakuweza kulala akijua bomba ni chafu. Kila alipomaliza kazi alilishusha hadi kwenye hori, akalisuuza ndani na nje, akamwaga masalia, akasuuza tena, akalianika juu ya mkoko. Mtangulizi wake alikuwa akiliacha stoo linanuka, jambo ambalo Fikirini alilitaja mara kwa mara kama mfano wa uvivu.

Hori hiyo ndiyo wanawake wa kando ya Mkokoni walikovua uduvi. Maji yakipwa waliingia wawili wawili wakiwa wameshika kanga kuukuu, wakaitandaza chini ya maji na kuiinua. Mwaka wa 1968, mwishoni mwa masika, Rehema, mjane aliyekuwa jirani wa karibu wa Mwasiti, aliinua kanga akakuta uduvi hawaruki. Akaitandaza mbele zaidi, ikawa vilevile. Chini ya mikoko vibua wadogo walikuwa wameelea matumbo juu, na kaa walikuwa wametoka kwenye mashimo yao wakaganda hapo, kama watu walioitwa nje halafu wakasahau walichoitiwa. Rehema aliwarudisha uduvi majini, akanawa mikono, akaenda kwa Mwasiti.

Alimkuta Mwasiti amechuchumaa uani. Bata walikuwa wamepenya ua asubuhi hiyo wakaenda hadi grini ya nne, ambako chambo kilikuwa kimewekwa siku iliyotangulia. Walikuwa wamerudi wenyewe kwa miguu, na baada ya kurudi wakaanza kuzunguka, kupiga mbawa, na kuanguka. Ukoo wao alikuwa nao tangu Mahurunga. Hao walikuwa vitukuu wa bata aliopewa na mama yake siku anaolewa. Mwasiti alichukua pakacha, akawapanga bata ndani, akajifunga kanga vizuri.

Siku hiyo kamati ya klabu ilikuwa inakutana barazani kuzungumzia mashindano na wachezaji wa Lindi. Mwasiti na Rehema walipanda ngazi, wakaamkia, wakaketi sakafuni pembeni, pakacha mbele yao. Kamati iliendelea na ajenda. Ikawa inaendelea kwa shida, maana nzi walikuwa wamefika. Hatimaye Bwana Waziri aliweka kalamu chini.

"Mama Zuhura," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "hawa bata wana nini?"

"Wamekula chenene wenu," Mwasiti akasema. "Chenene wamekula dawa yenu. Dawa ameiweka mume wangu. Nimeona nisiwazike kabla hamjajuana."

Rehema naye akaeleza habari za hori, kwa sauti ya chini, bila kumlaumu mtu. Bwana mmoja wa bandarini akasema huenda ni bahari tu, bahari ina mambo yake. Fikirini alikuwa amesimama chini ya ngazi, kofia mkononi. Alikuwa ameitwa kuja kueleza hali ya ukoka na alikuwa amejiandaa kuisifu.

"Si bahari," akasema. "Ni mimi. Bomba naoshea pale."

Baadaye maishani mwake Fikirini alisema kwamba hakuwa amejua jambo hilo mpaka alipojisikia akilisema. Alikuwa na vipande vyake vyote, kwarara, yangeyange, kikombe, vibua, kila kimoja kikiwa mahali pake, na hakuwahi kuviweka pamoja. Aliona aibu iliyomfanya masikio yamuwashe. Hakumtazama mkewe.

Kamati ilipendekeza bomba lioshewe mahali pengine. Fikirini akasema hapana, yeye hatalishika tena. Bwana Waziri akamwuliza kama anafahamu kwamba grini zikifa mkuu wa grini hana kazi. Akasema anafahamu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hapana pale barazani, na kwa kuwa hakuna aliyeizoea, haikujulikana mara moja ifanyiweje. Mwisho waliamua wamwachie mpaka mvua zinazofuata zimalizike, na Bwana Waziri aandikie ofisi ya kilimo kuomba msaada. Stoo ikafungwa, ufunguo akauchukua Bwana Waziri.

Msaada ulikuja kwa pikipiki. Aliitwa Danieli, bwana shamba kijana, Mmakua wa upande wa Masasi, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukubali haraka asichokijua. Alizunguka uwanja wote na Fikirini, akapiga magoti, akachimbua kwa kisu, akasimama, akajipangusa.

"Nikwambie kweli, Mzee Fikirini," akasema. "Mimi nimefundishwa mikorosho, mihogo na mpunga. Majani nimefundishwa namna ya kuyaua."

Fikirini akamwambia hata yeye, kwao.

Basi wakaanza kukosea pamoja. Kwanza walichemsha majani ya mwarobaini pipa zima, wakamwagia grini ya kwanza. Mvuke wake uliwafukuza wachezaji kwa muda; chenene walibaki. Kisha walijaribu jivu. Grini ikawa kijivu, mpira mweupe ukawa haujulikani ulipo, na daktari wa meno akahamia kwenye tenisi. Danieli alisoma mahali kwamba wadudu wa chini huchukia mtikisiko, ikawa Fikirini anapita asubuhi akitwanga ardhi kwa mchi wa kinu. Mwasiti alimtazama kutoka dirishani, akauliza kama kuna mpunga humo. Mchi ukarudi jikoni.

Kitu kilichofanya kazi kilianzia kwenye nguo. Mwasiti alikuwa amefua nyuma ya nyumba, akamwaga povu kwenye kipande cha ukoka kilichoingia uani, na kabla hajainua beseni chenene wakaanza kutokeza juu, mmoja huku, wawili kule, wakijipangusa vichwa kwa miguu ya mbele. Alimwita mumewe, mumewe akamwita Danieli, wakasimama watatu wakitazama. Siku iliyofuata walikata sabuni ya mche, wakaiyeyusha kwenye keni za kumwagilia, wakapita grini kwa grini. Waliotoka walikusanywa kwenye debe. Hawakufa kwa sabuni; walikuwa wamekereka tu.

Danieli hakufurahia sana idadi ya waliokusanywa. Alichokitazama ni mahali walipotoka. Alikuwa na vijiti, na kila palipotoka chenene alichomeka kijiti. Walipomaliza, vijiti havikuwa vimeenea kama mtu alivyotazamia. Grini ya pili ilikuwa karibu tupu. Ya nne, ya tano na ya saba zilikuwa kama migongo ya nungunungu.

"Hizi tatu zina nini?" Danieli akauliza.

Fikirini alifikiri. Ndizo alizozipenda zaidi. Ndizo zilizokuwa karibu na bomba la maji, naye alizinywesha kila jioni hadi zikawa laini kama tumbo la mtoto. Ndizo alizozikata fupi zaidi, kwa kuwa wanachama walitaka mpira ukimbie. Alieleza hayo polepole, na kadiri alivyoeleza, haikuwa lazima Danieli aseme lolote. Chenene hupenda udongo laini wenye maji. Ukoka uliokatwa mfupi mno hauna mizizi ya kutosha, ukikatwa mmoja hakuna wa akiba. Kwa miaka yote ile, Fikirini alikuwa akiwaandalia chenene kitanda na chakula jioni, na asubuhi akiwatilia sumu.

Walikubaliana mambo machache. Maji yamwagwe alfajiri, si kila siku, na kwa kushiba, ili mizizi iyafuate chini. Mashine ipandishwe, ukoka uachwe mrefu kidogo. Sabuni itumike mwanzo wa mvua, wadudu wakiwa bado wadogo, na kwenye grini tu. Huko kwingine kote wachimbe wapendavyo. Hili la mwisho lilimwuma Fikirini. Aliuliza kama hawawezi kuwamaliza kabisa.

"Hatutaki waishe," Danieli akasema. "Tunataka wapungue mpaka mahali unapoweza kuwavumilia. Wakiisha, kwarara watarudi kula nini?"

Fikirini hakuwa amewaza kwamba kwarara ni sehemu ya mpango.

Mvua zilipokuja, hali ilikuwa mbaya kwanza. Ukoka ulikuwa umezoea kunyweshwa kama mgonjwa, ukakaa wiki kadhaa umenuna. Chenene walikuwa bado wengi. Grini ya nne ilipasuka mistari ikawa kama kiganja cha mkulima, na barazani mazungumzo yalikatika kila Fikirini alipopita. Alikonda. Asubuhi moja alikwenda kwa Bwana Waziri, akamkuta peke yake anakunywa kahawa.

"Bwana Katibu, naomba ufunguo wa stoo."

"Wa nini?"

"Ya nne inakufa. Nitatia kidogo tu, kwa mkono, pale penyewe. Hori siigusi."

Bwana Waziri alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha. Fikirini alijua huyu ndiye mtu aliyependa grini za kijani kuliko watu wote, na alitazamia ufunguo utoke mfukoni.

"Ikifa tutaizika," Bwana Waziri akasema. "Ufunguo sikupi. Mimi kwetu Mikindani nakula samaki tangu nimeota meno. Tangu wale kina mama waje na pakacha, kila nikienda sokoni namwuliza mwuza samaki umemtoa wapi, lini, kwa njia gani. Mtu mzima namhoji kibua kama niko forodhani. Sitaki tena. Nenda kakate majani yako."

Fikirini alikwenda. Alisema baadaye kwamba siku hiyo alimchukia Bwana Waziri hadi adhuhuri, kisha akaacha.

Bata waliingia kazini kwa maombi ya Mwasiti. Alikuwa ameletewa wengine kutoka Mahurunga, na hoja yake ilikuwa kwamba chenene wakishatolewa kwa sabuni, kazi ya kuwaokota haihitaji binadamu. Danieli alisema wasubiri kidogo maji ya sabuni yanywee ardhini. Kamati ilijadili. Bata wakaruhusiwa kuanzia alfajiri mpaka wachezaji wa kwanza wanapofika, lakini bata hawakupata habari za sehemu ya pili ya uamuzi huo. Ikawa lazima kuandika kanuni. Bwana Waziri aliiandika kwa mkono wake mzuri wa kiofisi na kuibandika barazani: mpira uliompiga bata utapigwa upya bila adhabu, mpira uliokaliwa na bata utasubiriwa mpaka bata aondoke kwa hiari yake.

Wale chenene walionenepesha bata walipungua kweli. Hawakuisha. Mwaka wa pili baada ya bomba kuwekwa chini, vijiti vya Danieli kwenye grini ya nne vilitosha kushikwa kwa mkono mmoja. Kwarara watatu walionekana asubuhi moja kando ya njia ya saba wakitembea kwa madaha, na Fikirini alizima mashine, akakaa juu yake akiwatazama mpaka jua likawa kali. Huko horini Rehema na wenzake walirudi kutandaza kanga. Uduvi walichelewa kuliko kwarara. Walirudi.

Lindi walikuja Sabasaba ya mwaka huo. Walikuwa wachezaji hodari waliozoea uwanja mkavu ambao mpira huteleza wenyewe. Pale Mkokoni walikuta ukoka mrefu, wa kijani usio sawasawa, wenye mabaka hapa na pale, na mipira yao ikawa inasimama kabla ya shimo kama inayosubiri kukaribishwa. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuzoea kupiga kwa nguvu. Nahodha wa Lindi alisubiri bata mmoja kwenye grini ya tano kwa muda ambao baadaye ulibishaniwa. Alisomewa kanuni, akaisoma tena mwenyewe, akavuta sigara. Mtwara ilishinda kwa mara ya kwanza tangu uwanja uwepo. Katika hotuba yake Bwana Waziri aliwashukuru wachezaji, kamati, Bwana Shamba na mkuu wa uwanja, na kusema klabu imeona faida ya kutopapatika. Bata hawakutajwa, jambo ambalo Mwasiti alilikumbuka miaka yote.

Yalibaki mapipa. Danieli aliuliza huku na huku namna ya kuiharibu dawa ile, na kila aliyeulizwa alipendekeza mahali pa mtu mwingine. Kuimwaga hakuwezekani, kuizika ni kuimwaga polepole, kuichoma ni kuivuta. Mwisho walinunua saruji, wakayafunika mapipa palepale stoo na kuziba mlango kwa matofali. Fikirini alitia saruji kwa mikono yake, na siku hiyo mikono haikutetemeka. Ilikuwa imeacha bila yeye kuona ni lini.

Miaka ikapita. Mabwana wa bandarini walihamishwa, wenye maduka wengi wakahamia Dar es Salaam, maofisa wakawa na mikutano mingi. Bwana Waziri alifariki Mikindani, na watu walisema kiti chake cha barazani kilikaa siku nyingi bila mtu kukikalia, wakati ukweli ni kwamba hapakuwa tena na mtu wa kukaa. Mwaka wa 1974, njaa ilipokuwa inanukia nchi nzima na kila kipande cha ardhi kikaamriwa kilimwe, Mkokoni iligawiwa wakazi wa jirani walime mihogo. Fikirini alikabidhiwa jembe kama wengine.

Hakugoma. Alilima zile njia ndefu za kati ya grini na grini bila neno, akiung'oa ukoka alioulea. Mwasiti alilima upande wake, naye alimwona mumewe akisimama mara kwa mara na kuinama kuokota mipira iliyopotea zamani. Walipofika kwenye grini ya nne, Fikirini aliweka jembe chini, akawaambia wenzake wapite kando, na kwenye grini nyingine vivyo hivyo.

Ofisa kutoka wilayani alifika kukagua, kijana mwenye haraka na mwenye nia njema. Aliona shamba zuri la mihogo lenye maduara ya majani katikati yake. Akauliza kwa nini hapo hapakulimwa.

"Pamekula dawa," Fikirini akasema. "Miaka mingi. Nilitia mimi."

"Na dawa bado imo?"

"Sijui."

"Sasa kama hujui?"

"Ndiyo maana sitaki," Fikirini akasema. "Ningejua haimo, ningelima. Ningejua imo, ningekueleza ni kiasi gani. Muhogo unakaa ardhini mwaka mzima, halafu anakula mtoto."

Ofisa hakuwa mkaidi. Alimwita Danieli, ambaye sasa alikuwa na cheo na gari la Landrova lisilowaka mpaka lisukumwe. Danieli alisema kwamba hata yeye hajui, vitabu vinasema dawa ya aina ile huweza kukaa udongoni miaka na miaka, na kwamba kama ni shamba lake angepaacha. Ofisa akatazama maduara, akatazama mihogo, akasema basi paachwe. Alipoondoka, Danieli alibaki, akachimbua kidogo kwa kisu kwenye grini ya nne kama zamani. Alitoka chenene mmoja. Walimwangalia, wakamfukia.

Mashine haikuwa na mafuta tena, kwa hiyo Fikirini aliyakata maduara yale kwa kwanja, asubuhi kabla ya kwenda kwenye zamu yake ya shamba. Hakuna aliyemwagiza. Mbuzi hakuwaruhusu. Wanawake walipovuna mihogo ya kwanza walitaka kuianika pale, maana palikuwa safi na tambarare kuliko mahali popote Mkokoni, naye akawakatalia, wakanung'unika, wakaenda kuianika kwenye sakafu ya baraza la klabu, ambayo ilikuwa na saruji nzuri na jua la kutosha.

Mwasiti alimenya yake akiwa ameketi kwenye ngazi za baraza hilo, kisu kikienda haraka, bata wakidonoa maganda miguuni pake. Rehema alikuwa amepanda kutoka horini na bakuli la uduvi. Fikirini alifika, akaweka kwanja ukutani, akauliza kama kuna chai. Mwasiti akasema ipo, akamsogezea kikombe kwa mguu bila kuacha kumenya, naye akakiokota kwa mkono mmoja, akaketi.